KUTETEMEKA HAKUNA SURA MOJA: Historia ya Maradhi ya Parkinson na Wazee Wetu wa Kasese na Bwera



Ndugu zangu wazazi, vijana na wanafunzi wetu. Leo tuzungumzie jambo lililomo katika nyumba nyingi, ila hatulizungumzi. Pana mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa amekaa kimya, watu wakanong'ona kwamba amerogwa. Pana mzee mwingine ambaye hatetemeki kabisa, lakini amekuwa mzito, sauti imeshuka, uso hauchangamki, na kuinuka kutoka kwenye sijida humchukua muda. Huyu wa pili watoto wake humwambia, "Mzee, unajilegeza." Basi huyu wa kwanza amepewa lawama ya uchawi, na wa pili lawama ya uvivu. Inawezekana kabisa wote wawili wana maradhi mamoja.

Maradhi hayo yanaitwa Parkinson. Tukiisoma historia yake tutaona kwamba kila zama watu walishika dalili moja wakadhani ndiyo ugonjwa wote, na kila mara kuna wagonjwa walioachwa nje kwa sababu hawakufanana na picha ile. Kosa hilo lilifanywa na mabingwa wakubwa wa dunia, na sisi wa Kasese na Bwera tunalifanya mpaka leo majumbani mwetu.

KABLA YA JINA

Kutetemeka ni jambo la kale. Tabibu wetu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb aliyaeleza maradhi ya kutetemeka, kwa Kiarabu ra'sha, akayaweka pamoja na maradhi ya mishipa ya fahamu. Hapa pana faida kubwa kwetu: takriban miaka elfu moja iliyopita tabibu Mwislamu aliuangalia mtetemo kama ugonjwa wa mwili wenye sababu ndani ya mwili. Kitabu chake kilisomeshwa Ulaya kwa karne nyingi.

LONDON, MWAKA 1817

Mwaka 1817 tabibu Mwingereza James Parkinson, wa mtaa wa Hoxton jijini London, alichapisha kijitabu kuhusu alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza habari za watu 6 tu. Na katika hao 6, wengine hakuwahi hata kuwapima: wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Aliona mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama mbele, na hatua fupi zinazoharakisha kama mtu anayekimbilia asianguke.

Alikuwa na jicho kali. Lakini mambo mawili yalimpita. Kwanza, aliandika kwamba akili na hisi za mgonjwa hubaki salama. Leo tunajua kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hazibaki hivyo. Pili, hakupata kuchunguza ubongo wa hata mmoja wao baada ya kufa. Alidhani kasoro iko sehemu ya juu ya uti wa mgongo, karibu na shingo. Hakuwa na njia ya kujua zaidi.

PARIS: BINGWA ALIYESEMA "SI WOTE HUTETEMEKA"

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Jean-Martin Charcot alikuwa daktari mkubwa katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris. Hospitali hiyo ilikuwa na maelfu ya wagonjwa wazee, kwa hiyo aliweza kuwalinganisha wengi kwa wakati mmoja. Charcot akagundua kwamba wapo wenye ugonjwa huu wasiotetemeka. Wao wamekakamaa viungo na wamekuwa wazito wa mwendo. Tena akasema uzito huo si udhaifu: mgonjwa ana nguvu zake, lakini amri ya kuanza kitendo inachelewa kufika.

Kwa sababu hiyo alilikataa jina la kupooza kwa kutetemeka, maana wagonjwa hawajapooza, na wengine hawatetemeki. Yeye ndiye aliyependekeza uitwe kwa jina la Parkinson.

Ndugu msomaji, fikiri hapo. Jambo hili lilijulikana Paris zaidi ya miaka 130 iliyopita. Leo inakadiriwa kuwa takriban robo ya wagonjwa hawana mtetemo ugonjwa unapoanza. Hao ndio wanaoitwa wavivu.

NDANI YA UBONGO

Mwaka 1912 Friedrich Lewy, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitazama kwa darubini ubongo wa wagonjwa waliokufa, akaona madonge madogo ndani ya seli. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, huko Paris, alionesha kwamba sehemu moja ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, yenye rangi nyeusi kwa maumbile yake, imepauka kwa wagonjwa hawa kwa sababu seli zake zimekufa. Yeye ndiye aliyeyapa madonge yale jina la Lewy.

Seli za sehemu ile nyeusi zina kazi gani? Jibu lilikuja baadaye. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowafanya wakae kimya bila kujongea, kisha akawapa levodopa, wakaamka. Mwili huigeuza levodopa kuwa dopamini. Mwaka 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa wagonjwa wa Parkinson waliofariki, wakakuta dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakaanza kuwadunga wagonjwa levodopa. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonesha kwamba ikipandishwa pole pole kwa kumeza, watu waliokuwa wamekakamaa wanaweza kutembea tena. Mpaka leo levodopa ndiyo dawa kubwa ya maradhi haya, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hapo watu wakadhani kitabu kimefungwa: ugonjwa ni mmoja, sehemu ya ubongo ni moja, dawa ni moja. Lakini wagonjwa wenyewe waliikataa picha hiyo. Mmoja alikuwa anafunga choo miaka mingi kabla ya kutetemeka. Mwingine alipoteza harufu, hata pilau haimvutii tena. Mwingine alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini. Mwingine alizama katika huzuni nzito. Na dawa iliyomlegeza mmoja viungo haikumtuliza mwenziwe mtetemo. Je, haya yote yatoke sehemu moja nyeusi?

MWAKA 2003: RAMANI MPYA

Mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak na wenzake walichunguza ubongo wa marehemu wengi, wakapanga ramani ya hatua 6. Walisema madonge ya Lewy mara nyingi huanza kuonekana mahali pengine, siyo kwenye sehemu nyeusi. Huanza chini ya ubongo, kwenye kituo cha mshipa wa fahamu unaokwenda tumboni, na mbele, kwenye sehemu inayopokea harufu. Kisha hupanda. Yakifika kwenye sehemu nyeusi ndipo mwendo huharibika. Yakifika juu, kwenye gamba la ubongo, kumbukumbu na fikra nazo huguswa.

Cha ajabu ni kwamba Lewy mwenyewe, mwaka 1912, aliyaona madonge yake kwenye kituo hicho cha mshipa wa tumboni. Ila kwa miongo mingi macho ya wataalamu yalikuwa yameelekea kwenye sehemu nyeusi.

Tangu hapo tunaelewa kwa nini wagonjwa hawafanani. Dalili hufuata mahali palipoharibika:

1. Ikiguswa sehemu nyeusi, mwili huwa mzito na mgumu. Kwa kawaida huanza upande mmoja, kwa sababu upande mmoja wa ubongo umeharibika kabla ya mwingine.
2. Vikiguswa vituo vya usingizi na hisia, mtu huhangaika usiku, au hupata wasiwasi na huzuni.
3. Mishipa ya tumbo ikiguswa, choo hufunga.
4. Likiguswa gamba la juu, mtu husahau, huchanganyikiwa, na huweza kuona watu wasiokuwepo.

Hii namba 4 tuiangalie sana. Mzee akisema anawaona watoto wamekaa pembeni ya kitanda, sisi hukimbilia kusema ni majini. Huenda ni ugonjwa umepanda, na huenda ni dawa yenyewe imezidi kipimo. Daktari aambiwe.

Lakini hata ramani ya Braak haiwafai wote. Wapo waliofanyiwa uchunguzi baada ya kufa na ubongo wao haukufuata hatua zile. Wapo wenye kasoro ya jeni iitwayo LRRK2 ambao walikuwa na dalili zote za Parkinson maishani, na baada ya kufa hayakuonekana madonge ya Lewy hata kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Aarhus, Denmark, walitoa picha za mwili na ubongo wa wagonjwa walio hai, wakapendekeza kwamba kuna watu ambao ugonjwa huanza mwilini, kwenye matumbo, kisha hupanda. Na wengine huanza ubongoni, kisha hushuka. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya hilo.

WAAFRIKA TULIKUWA WAPI?

Karibu hadithi yote hiyo ni ya Ulaya na Marekani, kana kwamba ugonjwa hauko kwetu. Ushahidi ulipatikana jirani, Tanzania. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson. Na wengi wao, zaidi ya robo tatu, walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa hawana jina la maradhi yao, na hawana dawa. Wenyeji waliyajua tu kama maradhi ya kutetemeka, na ukiyaita hivyo, asiyetetemeka atajulikanaje?

Jambo la pili ni la damu. Waarabu wa Afrika Kaskazini wana kasoro ya LRRK2 kwa wingi usiopatikana kwingi duniani. Katika tafiti kadhaa ilikutwa kwa zaidi ya theluthi ya wagonjwa. Mwaka 2023 utafiti ulioshirikisha kundi kubwa la Wanaijeria ulionesha badiliko jingine, kwenye jeni iitwayo GBA1, ambalo lipo kwa watu wenye asili ya Afrika na ni nadra sana kwa Wazungu. Basi hata sababu inayoandaa ugonjwa hutofautiana baina ya watu. Na tusingejua kama Waafrika wasingekubali kuchunguzwa.

WAGONJWA WAWILI MASHUHURI

Watoto wetu wanalijua jina la Muhammad Ali, bondia Mwislamu. Oktoba 1974 alishinda Kinshasa, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mpondwe ingawa ni mbali sana magharibi. Mwaka 1984 aliambiwa ana Parkinson, akiwa na miaka 42 tu. Kwake sauti ilianza kuwa nzito na kukwama mapema, mtu aliyekuwa hashindiki kwa maneno. Mwaka 1996 dunia nzima ilimwona mkono ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki huko Atlanta. Aliishi na ugonjwa huo miaka 32, akafariki Juni 2016.

Wa pili alifika hapa hapa Kasese. Februari 1993 kiongozi wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II, aliongoza ibada mjini kwetu, akiwa na miaka 72. Ilikuja kuelezwa baadaye kwamba dalili za Parkinson zilikuwa zimeshamwanza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990. Umati ule haukujua. Mkono ulitetemeka, kisha mgongo ukainama, uso ukakosa kuonesha hisia, na mwishoni hakuweza kusema. Vatican ilithibitisha ugonjwa wake hadharani mwaka 2003, naye akafariki Aprili 2005.

Mmoja alipatwa kijana, mwingine uzeeni. Mmoja alitangulia kuharibika sauti, mwingine mkono. Hatuwataji kwa ajili ya dini zao. Tunawataja ili tusimwambie mgonjwa wetu, "Mbona fulani alikuwa na ugonjwa huo huo na hakuwa hivi?"

"SI BUKO"

Kule Buganda, kutetemeka kuna jina la zamani: obuko. Imani ya wazee ilikuwa kwamba mtu hutetemeka kwa sababu amevunja mwiko wa wakwe, kwa mfano kumgusa mama mkwe. Tazama uzito wa jambo hili. Mama mzee mkono unaanza kucheza, na kabla hajapelekwa hospitali ameshahukumiwa kwa jambo la aibu. Ndiyo maana wagonjwa na familia zao waliounda shirika nchini Uganda walilipa jina Parkinson's Si Buko, yaani huu si ule mwiko. Jina lenyewe ni jibu kwa jirani anayenong'ona.

Huku kwetu milimani hatusemi obuko, lakini neno la kurogwa tunalo. Mbuzi huuzwa, shamba huuzwa, pesa zikaenda kwa mganga, na chuki ikaingia kati ya ndugu kwa sababu fulani ametajwa kuwa ndiye mrogaji. Mwisho mgonjwa hana dawa na familia haina umoja. Na kumsingizia Mwislamu mwenzako, au jirani yeyote, jambo asilolifanya ni dhambi tunayoijua sote.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Kwanza, tumtazame mtu mzima mzima, tusiangalie mkono tu. Mwandiko umekuwa mdogo na kubanana? Mkono mmoja hauyumbi akitembea? Sauti ya kisomo imefifia? Anachelewa kugeuka kitandani? Vifungo vya kanzu vinamshinda? Mambo haya yakikusanyika, aende hospitali iliyo karibu, kama Bwera au Kagando. Waganga wakiona haja watampeleka mbele, Fort Portal au Mbarara, kwa daktari mkubwa zaidi.

Pili, si kila anayetetemeka ana Parkinson. Kuna mtetemo wa kurithi unaotokea mtu anaposhika kikombe, si anapopumzika. Kuna wa ugonjwa wa tezi ya shingoni. Na kuna dawa zinazoleta dalili hizi hizi, kama haloperidoli ya wagonjwa wa akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Chukueni dawa zote za mzee mkamwoneshe daktari.

Tatu, dawa ya levodopa ina saa zake. Isikatwe ghafla kwa kuwa pesa zimekwisha au kwa kuwa mzee ameonekana nafuu; kuikata ghafla ni hatari. Kwa wengine, chakula chenye nyama au maharage mengi huizuia kufanya kazi vizuri, kwa hiyo ulizeni imezwe muda gani kabla ya kula. Na msiazime kipimo cha mgonjwa mwingine. Kilichomfaa mzee wa Mpondwe huenda kikamzidi bibi wa Kasese mjini.

Nne, mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, jambo lililothibitishwa tangu mwaka 1937. Lakini hakuna anayejua mbegu ya shambani ina kiasi gani, kwa hiyo asipewe mgonjwa kienyeji.

Tano, mwezi wa Ramadhani. Anayetegemea dawa mchana ana ruhusa ya sharia, na asilazimishwe wala asionewe haya. Amwone daktari na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama. Na asiyeweza kusimama katika swala, akae. Awekewe kiti bila watu kumkodolea macho.

Sita, kutembea, kunyoosha viungo na kusoma kwa sauti humsaidia mgonjwa. Wajukuu wanaweza kumsikiliza babu akisoma juzuu kila jioni, naye akiinua sauti. Hiyo ni tiba na ni ibada.

Ndugu zangu, kutoka watu 6 wa London mpaka watu 33 wa Hai ni safari ya karibu miaka 200, na bado dawa ya kuukomesha ugonjwa huu haijapatikana. Zipo za kupunguza dhiki yake. Basi mzee anayetetemeka msimwambie amerogwa, na mzee aliye mzito msimwambie ni mvivu. Mshikeni mkono mmpeleke akapimwe, na mkirudi nyumbani mpeni muda wa kumaliza sentensi yake.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na aturuzuku wema kwa wazazi wetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullah.